Kikombe cha Zafarani

Wiki nzima sikupata usingizi wa maana. Mama yangu, Bi Mwanabaraka, alikuwa apasuliwe Alhamisi kutolewa vijiwe vya nyongo, na daktari wa upasuaji huja kwetu Bagamoyo mara moja tu kwa mwezi. Mimi Tabia, na darasa langu la saba, nikajitia hodari wa simu. Nikasoma kurasa kumi na moja za habari za upasuaji. Wallahi, Kiswahili kile sijui cha nani: "hatari ya uvutaji wa yaliyomo tumboni." Nani anavuta, anapeleka wapi? Nikaruka. Nilichoshika ni kimoja: tangu saa sita usiku asile wala asinywe.

Nikalinda jiko kama askari. Chai sikupika, hata tambuu nikamnyang'anya, akaninunia. Alfajiri Ami Mtoro, mwalimu wa madrasa, akatuletea kombe: aya kaziandika kwa zafarani kwenye sahani, kaziosha kwa maji ya waridi. Kijijini kwetu Mlingotini mgonjwa hatoki nyumbani bila kombe. Mimi mwenyewe nilishika kikombe, mama akapiga bismillahi, akanywa chote.

Hospitali nesi akamuuliza kama amekula au kunywa kitu. Mama akajibu hapana, na hakudanganya. Kombe ni dua, nani anahesabu dua? Wakamvalisha gauni la kijani, kitanda kikaanza kusukumwa. Nikisema, tunarudishwa mpaka mwezi ujao, na maumivu yake nayajua, hulia huku akiuma kanga. Nisiposema, je, lile neno nililoliruka?

Nikakamata kitanda.

"Amekunywa kombe. Kikombe kizima, saa kumi na mbili hii."

Nesi hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akaeleza kwamba mtu akilazwa usingizi wa dawa, kilichomo tumboni huweza kupanda kooni, kikaingia mapafuni, akafa pale pale mezani. Basi. Hata mama alielewa. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata mmoja ulionambia hivyo! Hasira zikanijaa, nikamwambia mama hivyo hivyo, nikalia mbele za watu, maana mkono ulioshika kikombe ni wangu.

Wengine wakatangulizwa, mama akawekwa wa mwisho, kombe lipate kushuka tumboni. Nikazunguka ile korido mpaka mlinzi akanichoka. Saa nane mchana wakaja kumchukua. Mama akanishika kidole.

"Tabia, hao wanaoandika humo kwenye simu," akasema, "wao hawana mama?"