Betri Mpya na Haya ya Mkwe

Betri yenyewe ilikuwa ndogo kama kiberiti. Ilipanda Lushoto kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye gazeti. Ilitoka katika moja ya yale maduka ya Kariakoo yaliyoota kama uyoga tangu biashara ilipofunguliwa, ambako siku hizi hukosi kifaa mradi ulijue jina lake. Jafari alilijua jina. Alijifundisha kompyuta mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na hospitali ile ndogo iliyo juu ya njia ya Kwai ilimkabidhi mashine zake zote.

Asubuhi hiyo aliingia kwa mlango wa nyuma ukungu ukiwa bado umelalia mikaratusi. Alizima seva, ile kompyuta kuu, kwa utaratibu wake, akachomoa waya wa umeme, akashika chuma cha kasha ili umeme wa mwilini umtoke, ndipo akafungua. Ndani, kwenye kadi inayosimamia diski, betri ya zamani ilikuwa imeumuka kama andazi. Aliichomoa kwenye waya wake mwembamba, akapachika mpya, akafunga kasha na kuiwasha mashine.

Kazi ya betri ile ilikuwa moja tu. Kila kitu kilichoandikwa kwenye kompyuta za hospitali kilifikia kwanza kwenye kumbukumbu ya kadi, kikakaa humo kidogo, kisha kikashushwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, betri ndiyo inayokishikilia kisipotee. Betri ikiwa tupu, kadi haikubali kushika kitu, hupeleka kila neno moja kwa moja kwenye diski, na hapo mashine hutambaa kama konokono. Na betri mpya huja tupu. Hii ingejaa jioni. Kile kisanduku kikubwa cha kutunza umeme kilikuwa kimekufa tangu masika, kwa hiyo hadi jioni hapakuwa na kinga nyingine.

Jafari aligonga ukuta wa mbao uliotenga chumba chake na ofisi ya mapokezi. Secilia, karani wa mapokezi, mwanamke mnene mwenye watoto wanne na mdomo usiochoka, akachungulia mlangoni.

"Posta ya ukoo imefunguliwa," alisema. "Barua ya nani?"

"Mwambie mama kwamba leo mashine itakuwa nzito mpaka jioni. Wavumilie."

"Mama yuko hatua tatu hapa. Sauti yako kaisikia."

"Mwambie tu, dada."

Secilia akageuka. "Mama, mkweo anasema mashine itakuwa nzito mpaka jioni. Mvumilie."

"Nimesikia," ilijibu sauti nyuma ya mbao.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Bi Zakia, mkuu wa mapokezi, alikuwa mama mzazi wa Latifa, mke wa Jafari, na kwa watu wa milima hiyo mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani hukaa pembeni ampishe. Haketi naye chumba kimoja, hamtazami usoni, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Wazungu walioleta seva walicheka walipoona karani anapeleka maneno ya watu wanaosikiana. Lakini Jafari aliipenda desturi ile. Ilimfaa mtu mwenye sauti ndogo.

Jua lilipotoka benchi za nje zilikuwa zimejaa. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, na wengi walikuwa wametoka Mgwashi, kijiji alikozaliwa Bi Zakia. Kila mama alisema jina lake, Bi Zakia akaliandika kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa namba, namba ikaandikwa kwenye kichupa cha damu na kichupa kikaenda maabara. Zamani majina yaliandikwa pia kitabuni. Jafari ndiye aliyesema kuandika mara mbili ni kupoteza muda, na kila mtu akamsifu.

Lakini leo, kati ya jina na namba, mama aliweza kukohoa, kufunga khanga upya na kuuliza habari za shangazi. Foleni ikafika getini.

"Secilia," ilisema sauti ya Bi Zakia, haikupandishwa, ila imetengenezwa ipite kwenye mbao. "Muulize fundi kama hakuna njia. Hawa wametembea tangu alfajiri, na wengine hawajala."

Secilia akachungulia. "Umesikia au nirudie?"

Jafari alisikia. Njia ilikuwepo. Unaweza kuilazimisha kadi ishike maandishi hata betri ikiwa tupu. Ni mahali pamoja tu pa kubonyeza, na kadi yenyewe hukuuliza mara mbili kama umefikiri. Jibu sahihi lilikuwa hapana, na alilijua kama anavyolijua jina lake.

Lakini ataanzia wapi kumwambia mama mkwe hapana? Kwao ombi la mkwe halikataliwi. Mtu huweza kulichelewesha, akalizungushia maneno, ila kulikataa ni kumvua nguo mbele za watu. Na ndani zaidi ya hapo, mahali ambapo Jafari hakupenda kuchungulia, palikuwa na jambo jingine. Mwaka wa tatu huu tangu amwoe Latifa, na hajasikia Bi Zakia amemsifu.

Akabonyeza. Kadi ikauliza. Akakubali. Ikauliza tena, akakubali tena.

Nyuma ya mbao kompyuta ilishtuka kama punda aliyepigwa fimbo. Namba zikaanza kutoka. Foleni ikasogea, na baada ya kitambo Bi Zakia akasema, "Secilia, mwambie fundi ahsante. Mwambie kwamba Latifa hakukosea kumchagua."

Secilia alileta maneno hayo huku akitabasamu. "Leo umeoa upya," alisema.

Jafari alikaa na furaha hiyo, mikono imetulia magotini. Alikuwa bado nayo umeme ulipokatika.

Paskali, mlinzi wa hospitali, alihangaika na jenereta hadi ikakubali. Seva ilipowaka haikulifungua faili la wagonjwa. Lilikuwa limevunjika katikati, kama kitabu kilichochanwa katika mshono. Jafari alirudisha nakala ya jana jioni kutoka kwenye kanda ya akiba. Wagonjwa wote wa miaka yote walirudi, isipokuwa wa asubuhi ile. Maabara kulikuwa na trei ya vichupa vya damu, kila kimoja na namba yake, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua namba ipi ni ya nani.

Katibu wa hospitali, Bwana Benjamini, alikuja mapokezi kwa hatua za haraka. Jafari alimsikia vizuri.

"Bi Zakia, umefanya nini tena?"

"Sijui, Bwana Katibu. Umeme ulikatika, na uliporudi majina hayakuwepo."

"Umeme hukatika kila wiki, majina hayapotei. Mwaka jana ulifuta orodha ya chanjo, tukasema mama mtu mzima anajifunza. Sasa hii?" Akashusha sauti, lakini mbao ni mbao. "Watatolewa damu upya. Utawaambia wewe."

Habari ilishafika kwenye benchi kabla ya mtu yeyote kuipeleka.

"Damu mara mbili siku moja?" aliuliza mama mmoja, ambaye wenzake walimwita Mama Amiri. "Ya kwanza imekwenda wapi?"

"Imepotea, wanasema."

"Damu si kuku, mwenzangu. Inapoteaje?"

"Nyie hamjui mumiani?" alisema mwingine, nusu kwa mzaha. "Bibi yangu alituambia, huanza na daktari wa tabasamu."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema, na hakuna aliyeendelea kukaa kwa raha. "Na Zakia ni wa kwetu," alisema Mama Amiri taratibu. "Angalau angetuonea huruma sisi."

Katika chumba chake Jafari alijiambia kwamba hawezi kutoka. Nitasimamaje mbele ya mama mkwe? Nitasemaje katika chumba alichomo? Alijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara maneno yalizidi kuwa mepesi. Maana ofisi ya katibu ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Bwana Benjamini hakuwa mkwe wake. Angeweza kwenda huko, akaamkia, akasema, pasipo kuvunja desturi ya mtu yeyote.

Secilia aliingia. Safari hii hakutaja posta.

"Mama anakuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema, umwambie kweli. Ni yeye aliyebonyeza vibaya?"

Jafari alitazama mikono yake.

"Anasema alipokuwa anaandika jina la yule wa mwisho alibonyeza kitu, hakumbuki nini, halafu umeme ukakatika. Anasema kama ni yeye, aambiwe."

Neno lililotakiwa lilikuwa moja na fupi. Jafari alilitafuta, akalipata, akalishikilia mdomoni. Aliona Latifa akisikia. Aliona yale maneno ya asubuhi, hakukosea, yakirudishwa yalikotoka.

"Nikamwambie nini?" Secilia aliuliza.

Hakujibu. Secilia alisubiri, akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kisha akatoka. Nyuma ya mbao hakusema chochote. Hakuwa na cha kusema, na kimya hicho Bi Zakia alikielewa kwa namna yake.

Kiti kilisogezwa. Nyayo zake zikaenda taratibu hadi barazani.

"Wanangu," Jafari alimsikia akisema, kwanza kwa Kiswahili, halafu akaingia Kishambaa chao cha Mgwashi, lugha ya jikoni, ambayo hapa kazini hakuitumia. Aliwaambia ni yeye. Amezeeka, vidole vyake havijui mashine hizi, amebonyeza pasipotakiwa. Damu haikuchukuliwa na mtu, iko pale kwenye trei, ila haina wenyewe, na aliyeifanya isiwe na wenyewe ni yeye. Wamsamehe.

Wanawake kwenye benchi walitazamana.

Jafari baadaye hakukumbuka kuinuka. Alichokumbuka ni mlango ule wa ndani, ambao hakuwahi kuupita, kuona kiti cha Bi Zakia na mto wake wa kukalia, kisha mwanga wa barazani. Wanawake walimwona kabla Bi Zakia hajamwona. Mmoja alifunika mdomo. Waliomjua kuwa ni mume wa Latifa waliinama, kama watu waliofungua mlango wa bafu kwa makosa.

Bi Zakia aligeuka, akamwona, akavuta khanga hadi usoni na kugeukia ukuta.

"Si yeye," Jafari alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Si yeye. Hakubonyeza kitu. Ni mimi."

Aliwaeleza. Hakujua kuwaeleza watu kwa njia fupi, kwa hiyo aliwaeleza yote, taratibu, betri iliyoumuka na betri mpya iliyokuja tupu, kadi iliyomwuliza mara mbili, na yeye aliyeilazimisha. Bwana Benjamini alikuwa ametoka ofisini, amesimama uwanjani na kalamu mkononi.

"Ngoja," alisema Mama Amiri. "Ulijua ni hatari?"

"Nilijua."

"Ukafanya."

"Niliombwa wepesi. Niliona haya kukataa."

"Haya ya nani?"

Jafari hakuweza kumwonyesha kwa kidole. Aliinamisha kichwa upande wa ukuta, na wote wakatazama khanga iliyogeuka.

"Alaa," alisema Mama Amiri. "Basi kumbe mumiani wetu ni ukwe." Wanawake wakacheka, safari hii hadi mwisho, wakishikana mabega. "Umemwogopa mkweo, sindano tuchomwe sisi. Dada Zakia, njoo ukae, usijizeeshe kwa ajili ya huyu."

Jina jema la Bi Zakia lilikuwa limerudi. Jafari aliliona likirudi, katika namna walivyompisha nafasi kwenye benchi. Alidhani basi yeye naye atapata pumzi. Lakini Bi Zakia hakwenda kwenye benchi. Alibaki anatazama ukuta.

"Secilia," alisema.

"Abee, mama."

"Muulize huyo bwana. Mashine sina ugomvi nayo. Nami niliomba wepesi, hilo ni langu na lake. Muulize nilipotuma kuuliza kama ni mimi niliyekosea, kwa nini alinyamaza."

Secilia alimgeukia Jafari. Hakurudia swali. Alisimama kati yao kama alivyosimama siku zote, amekunja mikono, akisubiri kitu cha kupeleka.

Jafari alifungua mdomo. Angesema haya, lakini haya alishaitaja, na kwa swali hili haikutosha. Hakuna desturi iliyomkataza kusema hapana si yeye. Mjumbe alikuwepo, njia ilikuwepo.

"Bado anafikiri, mama," alisema Secilia mwishowe.

"Mwambie afikiri."

Bwana Benjamini aliagiza daftari, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine asiye na kazi, Jafari alipewa kalamu, akaketi sakafuni kwenye pembe ya baraza, mgongo wake kwa mama mkwe. Wanawake walikunja mikono ya nguo tena. Bi Zakia aliwaita mmoja mmoja, akawauliza majina, ingawa wengi aliwajua tangu wakiwa wanabebwa. Kila jina alimtajia Secilia, na Secilia akamtajia Jafari, na Jafari akaliandika kwa herufi kubwa, polepole, akiogopa kukosea hata moja.

Kufika adhuhuri mkono ulikuwa unamuuma. Nyuma yake sauti iliendelea kutaja majina, tulivu, bila kosa, na katikati ya jina na jina Secilia alikuwa akimtupia jicho, kuona kama yuko tayari kulijibu lile swali.