Tairi za Inchi Kumi na Tatu

Gari lile jekundu la milango miwili aliniachia Mzungu mmoja wa biashara ya kahawa aliporudi kwao, na kwa miaka kumi na moja nililitunza hapa Nyakahura kama mboni ya jicho. Lilikuwa gari la mashindano, fupi, tumbo karibu liguse chini. Tairi za nyuma zilipokufa, mwanangu Privatus aliniambia, "Baba, tutafute inchi kumi na tatu kama za mwanzo. Hizo za gari la Pijo unazotaka kufunga ni kumi na tano. Mkipanda wawili gari litashuka, zitakula madigadi hapo juu yake."

Nilimcheka. Mimi fundi, nimefunga magurudumu kabla yeye hajaota meno! Na inchi kumi na tatu zingepatikana wapi mwaka ule wa 1978, sabuni yenyewe kwa foleni? Nikafunga rimu na tairi za Pijo. Gari likanyanyuka, likapendeza. Nikalizungusha sokoni peke yangu, halikukwaruza hata kidogo, nikarudi kichwa kimevimba.

Novemba Privatus akaitwa vitani. Akatuma neno kutoka Biharamulo: malori yangeondoka Jumamosi saa sita mchana, na alitaka sana kumwona mama yake. Mabasi yalikuwa yamechukuliwa na jeshi. Nikamwambia mke wangu Restituta, "Usihofu. Gari tunalo."

Alipanda na kikapu cha ndizi na kuku wa kuchoma mapajani. Tulipofika kwenye makorongo, nyuma kukaanza kukwaruza. Nilisikia. Nikaongeza mwendo.

"Baba Privatus, mbona kuna harufu ya mpira?"

Nikamwambia anyamaze. Zikiwa zimebaki maili sita, tairi ya kulia ikapasuka, na ya akiba sikuwa nayo.

Tulitembea. Restituta hakusimama hata kunywa maji. Tulipoingia mjini saa nane ilikuwa imepita, na uwanja wa kuondokea malori ulikuwa mtupu.

Adelfina, muuzaji wa duka la ushirika lililotazamana na uwanja, alitutambua. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Amewangoja mpaka lori limeondoka. Kawaachia mzigo."

Akatoa tairi mbili mpya, inchi kumi na tatu. Ziliingia dukani wiki ile, na kijana alikuwa amepanga foleni siku mbili. Asubuhi nzima, Adelfina alisema, alizikalia pale barazani akiangalia barabara ya Nyakahura.

Barua ya jeshi ilikuja Mei. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo hawakumtaja, nami ndiye. Restituta hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Baada ya matanga nilirudisha rimu za zamani, nikazivisha zile tairi. Nikaweka gunia la maharage kwenye kiti cha Restituta, nikapita makorongo yale yale, sikio nimelitega, mpaka pale tulipopasukia. Hazikugusa popote. Nikazima gari, nikalia kama mtoto.