Shahidi wa Kisimani

Mama Mwanne alivyosimulia ni hivi: alikuwa amekaa mlangoni kwake anapukuchua mbaazi, mara akamwona Shakila, mama yake Ashraf, anatoka ndani kanuna, simu mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye kisima chake cha maji ya mvua, akavuta bati la juu, akatazama huku, akatazama kule, kisha akaitupa simu ndani kama mtu anayetupa ganda la muhogo.

"Chubwi! Nimesikia kwa masikio haya," alisema, akayashika yote mawili ili watu wayaone. "Simu ya mkopo ile. Kachoka kulipa, kaona bora aizamishe."

Kijiji chao kiko nje kidogo ya Newala, na habari haikuchukua hata siku mbili kuenea. Waliomwamini Mama Mwanne walimwamini, na wasiomwamini waliisimulia vilevile, maana ilikuwa tamu. Shakila mwenyewe hakujitetea. Aliyemuuliza alimwambia, "Iliteleza," kisha akaendelea na kazi yake.

Jumatatu asubuhi akateremka Masasi na mjomba wake, mzee Mudathiri, kwenda kwenye duka lililomkopesha simu. Simu, aliyoiopoa kisimani, alikuwa ameifunga kwenye kipande cha kanga, kama yai. Alitaka jambo moja tu, mkataba ufungwe, asidaiwe tena.

Wakala wa duka aliitwa Alfredi. Aliifungua ile kanga, akabonyeza simu pembeni, akabonyeza tena, akaitikisa. Kitone cha maji kikadondokea mezani.

"Dada, hii imekufa."

"Najua, kaka. Ndiyo maana nimeirudisha."

Alfredi akavuta karatasi za mkataba. "Simu ikiharibika kwa ajali kabla ya miezi sita, unairudisha, shahidi anathibitisha, tunafunga mkataba, tumemalizana. Ikiharibiwa kwa makusudi, unaendelea kulipa mpaka mwisho. Ukishindwa, analipa mdhamini, na simu ya mdhamini nayo tunaifunga isifanye kazi."

Mdhamini alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya Shakila, kofia yake ameiweka gotini. Simu yake aliichukua duka hilihili. Msimu wa korosho unakaribia, na habari zote za mnada humfikia kwenye simu hiyo. Siku ya kutia dole gumba kwenye karatasi za Shakila hakuuliza swali hata moja. Mpwa akisema anahitaji mtu wa kusimama naye, mjomba atakataaje?

Lakini leo, ndani ya gari wakija, aliuliza.

"Mpwa wangu, uliitupa?"

"Sikuitupa, mjomba."

"Ilifikaje kisimani?"

"Iliteleza."

"Iliteleza ukiwa unafanya nini?"

Hapo Shakila akageuza uso dirishani. Mzee akashusha pumzi, na gari likaingia stendi.

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Ijumaa ile, wanaume wakiwa msikitini, Shakila alirudi mapema kutoka shambani, akamkuta Mama Mwanne kainama juu ya kisima chake, bati kaliweka kando, kamba mkononi. Anachota. Kiangazi huku juu mtu anaweza kukuomba chumvi, kibiriti, hata kitoweo, ukampa ukacheka naye. Maji ya kisima cha mtu hayachotwi bila ruhusa. Anayefanya hivyo ana jina lake, na jina hilo humfuata hadi msibani.

Mama Mwanne alishtuka, kamba ikamponyoka. Shakila hakufikiri. Aliruka akaidaka kamba kabla ndoo haijazama, na simu iliyokuwa kibindoni ikachomoka, ikatumbukia yenyewe. Ndoo ya jirani ikapona.

"Mama Ashraf, nisitiri," Mama Mwanne alimwambia. "Wakwe wa binti yangu wapo nyumbani, wamekuja kumtazama mjukuu. Sina hata maji ya kuwachemshia uji."

"Chukua maji yako, mama. Mimi sikukuona."

Ndivyo alivyoahidi. Hakujua kwamba majirani walishasikia kishindo, wakaanza kumuuliza Mama Mwanne kimelia nini pale kisimani, naye akawahi kutunga lake.

"Juzi Jumamosi, ulipotoa taarifa, nilikuja kwenu kukagua," Alfredi alisema. "Aliyekuwepo ni mama mmoja tu, na nimeandika maneno yake hapa. Shahidi wako ndiye anayekukana, dada. Nifanyeje?"

"Mpigie, kaka. Mpigie nikisikia."

Alfredi alitazama foleni iliyofika mlangoni. Akapiga, akaweka sauti ya nje, simu akailaza mezani.

"Haloo! Kama ni wale wa kuniambia nimeshinda zawadi, kata! Nimeshaliwa mara mbili!"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Shakila hakucheka.

"Ni Alfredi wa simu, mama. Shikamoo. Nataka unirudie yale uliyoniambia."

"Marahaba, mwanangu. Si nilishakwambia? Nilikuwa mlangoni kwangu na mbaazi zangu, nikamwona anatupa."

"Mlangoni kwako kabisa?"

"Kabisa."

"Mama, mimi nilisimama hapohapo mlangoni kwako. Mbele yangu niliona ukuta wa jiko la Mama Ashraf. Kisima kipo nyuma ya jiko. Ulikionaje?"

Upande wa pili kuku alilia, akafukuzwa.

"Nilikuwa nimesogea kidogo."

"Ulisogea hadi wapi?"

Nyuma yake Shakila alisikia benchi likilia. Mjomba alikuwa amesimama. Alikuja mpaka kwenye bega lake, akainama.

"Shakila," alinong'ona, "kuna jambo unalijua. Liseme."

Neno lilikuwa kwenye ulimi wake. Alikuwa na kila haki ya kulisema, na duka zima lilikuwa linasikiliza, watu wa Masasi, watu wa Lulindi, pengine na wa kwao Newala. Akalimeza. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mama Mwanne, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba, Mama Ashraf." Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kufukuza kuku.

"Nipo hapa na mjomba wangu. Wasipofunga mkataba leo, mzigo unamwangukia yeye. Sikuombi useme ulikuwa wapi, wala ulikuwa unafanya nini. Mwambie huyu kaka kitu kimoja tu. Simu niliitupa, au ilinianguka?"

Kwa mbali sauti ya mwanamke mwingine, ya mgeni, iliuliza, "Nani huyo, mkwe mwenzangu? Mbona umesimama hivyo?"

Mama Mwanne aliisogeza simu mdomoni. Pumzi zake zilisikika, nzito, karibu kabisa na simu. Alfredi alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Mezani, kwenye kioo cha simu, sekunde zilizidi kuhesabika.

"Mama Mwanne," Shakila alisema. "Nakuomba."