Saa ya Kinshasa

Kwa siku tisa mfululizo Mwavita alikuwa akiirudisha saa ya kompyuta ya shefu, mkuu wa ofisi yao, mahali pake, na kwa siku tisa shefu alikuwa akiipeleka tena Kinshasa. Mtu mzima, ana mvi, ana wakwe, lakini kila asubuhi mchezo ni ule ule. Mwavita alifika mahali akiisikia tu sauti ya viatu vyake barazani, kichwa kinaanza kumgonga.

Ilikuwa ofisi ya kutafutia watoto jamaa zao, nyumba ya vyumba vitatu pale Mulongwe, mtaa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na uani mahema. Vita vilipowaka Bijombo, watu walishuka mlimani kwa njia za ng'ombe, mvua inanyesha, risasi nyuma yao, na watoto wengi wakafika Uvira peke yao. Majina yao yaliandikwa kwenye kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya zenyewe kwa zenyewe. Intaneti hakuna, na si kwa umaskini. Kulikuwa na wenye bunduki waliotaka sana kujua nani ni mtoto wa nani, kwa hiyo hakuna kilichoruhusiwa kutoka nje ya zile kuta. Hata uani jina la mtoto halikutamkwa. Kila mtoto alivaa namba shingoni, na aliyetakiwa aliitwa kwa namba, kutoka kwenye karatasi.

Sasa, kompyuta iliyofungiwa hivyo itaulizia wapi saa? Betri zake za ndani zilikuwa zimechoka. Umeme ulikatika mara tatu kwa siku, na uliporudi, moja ilidai ni alfajiri, nyingine ilidai ni mwaka juzi. Mwavita ndiye aliyekuwa fundi, tena fundi peke yake. Alichagua moja akaiita mashine mama, akawa anairekebisha kila asubuhi kwa saa ya redio, na zile tatu akazifundisha kuifuata. Na ilibidi zifuate. Habari mbili za mtoto mmoja zikipishana, mashine mama huishika ile iliyoandikwa baadaye na kuitupa ya mwanzo. Yenyewe haina macho. Inachojua ni saa.

Shefu Frédéric alizaliwa hapo hapo Mulongwe, lakini alikuwa amefanya kazi Kinshasa miaka kumi na moja, akarudi nyumbani na saa ya huko. Kinshasa iko nyuma ya Uvira kwa saa moja nzima, na wakubwa wake wa huko walimpigia simu kwa saa yao. Basi akaitaka kompyuta yake iwe ya Kinshasa. Mwavita hakumkatalia. Alimwonyesha mara nne, kwa upole, kwamba kuna mahali pa kuchagua mji, na ukichagua mji kompyuta itakuonyesha saa ya Kinshasa huku moyoni ikijua ya kweli. Frédéric aliitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia. Mwavita akigeuka, anaikamata saa yenyewe, anairudisha nyuma kwa mkono. Zaidi ya hapo, kwa kuwa neno la siri la ushefu lilikuwa lake, aliikataza kompyuta yake kuifuata mashine mama. Alisema nchi ni moja, haiwezi kuwa na saa mbili. Mwavita alimjibu kwamba nchi hiyo ina saa mbili tangu babu yake hajazaliwa. Frédéric akacheka, akaomba chai.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Mwavita aliingia na kuikuta saa ya shefu imerudishwa nyuma tena, na shefu mwenyewe amekaa mbele yake anatabasamu. Damu ikamchemka. Akaona huyu anamfanyia makusudi. Alikuwa amenyoosha mkono kukishika kipanya, akaurudisha.

"Shefu, minye nimechoka na weye," alisema. "Leo siigusi."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake. Na kusema kweli, alijisikia vizuri. Acha naye aone, alijiambia. Acha mambo yaharibike kidogo, apate adabu.

Saa tatu na dakika ishirini, Masere Louise, mtawa aliyesimamia mahema, aliandika kwenye kompyuta yake kwamba mtoto namba 212, mvulana wa miaka sita, hajapata mtu, na asafiri siku ile kwa boti kwenda Kalemie, kwenye kituo cha watoto, maana mapigano yalikuwa yakisogea. Alikuwa mwangalifu, Masere. Aliandika alichokijua.

Saa nne kasoro dakika kumi mwanamke mmoja wa Bijombo, jina lake Generose, alipiga hodi mlango wa mbele. Miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa ametembea siku nne akiulizia kijiji kwa kijiji hadi Katogota, na huko ndiko alikoelekezwa Mulongwe. Frédéric mwenyewe alimpokea, akamhoji taratibu, akalinganisha kovu la goti na jino lililong'oka, na haikubaki shaka: 212 ni Irambona wake. Akaandika kwenye kompyuta yake kwamba mama amefika, mtoto asisafiri. Kompyuta ikaweka saa iliyoijua, saa tatu kasoro dakika kumi. Akamkalisha mama kwenye benchi la barazani, akamwambia asubiri, mtoto ataletwa. Kisha akajifungia na simu ya Kinshasa.

Mashine mama ilizitazama habari mbili za 212, ikaona ya Masere ndiyo ya baadaye, na ya shefu ikaitupa.

Saa nne Masere alichapisha orodha ya wasafiri. Saa nne na nusu Sévère, dereva, aliwasomea watoto namba zao uani, akawapakia kwenye gari na kutokea mlango wa nyuma, upande wa mtoni, kama walivyofanya siku zote. Hakuna aliyetaja jina.

Saa tano na robo Mwavita alitoka kuchota maji, akamkuta Generose kwenye benchi. Mama huyo alimuuliza kwa adabu kama kumwogesha mtoto huwa kunachukua muda mrefu hivi. Mwavita alisimama na kikombe mkononi. Akarudi ndani, akafungua mashine mama, akasoma kwenye kumbukumbu zake zile saa mbili za 212. Hakumwambia mtu. Alikimbilia barabarani, akapanda pikipiki hadi bandari ya Kalundu, akimpigia kelele mwenye pikipiki aongeze mwendo.

Boti ilikuwa imeondoka. Sévère alikuwa amesimama pale na orodha, anakunywa maji. Mwavita alimuuliza kuhusu 212, naye akamwonyesha alama ya kalamu. Yupo, amepanda. Boti ya kurudi? Sévère alipandisha mabega. Nahodha alisema hii ndiyo ya mwisho mpaka vita vitulie.

Aliporudi, Frédéric alikuwa amekwisha kuambiwa na Masere, ambaye yule mama alimuuliza pia, na yuko katikati ya baraza anaeleza kwamba mashine imekosea, mashine hizi ni kuukuu, ataandika barua. Mwavita alitaka kumrarua. Kisha akakumbuka mkono wake mwenyewe, asubuhi ile, ulivyonyooka na kurudi, na alivyofurahi.

Generose hakuwa akimsikiliza shefu. Kati ya watu wote pale alimtazama Mwavita.

"Dada, ameondoka saa ngapi?"

Frédéric alifungua mdomo, na Mwavita akamwahi. "Saa nne na nusu, mama. Saa ya hapa."

Generose aligeuka, akalitazama benchi, kisha ukuta ulio nyuma yake, na uani ng'ambo ya ukuta.

"Saa nne na nusu minye nilikuwa nimekaa hapa," alisema. "Nilisikia gari."