Pampu ya Odelia

Tk.

Nilisimama jikoni gizani, kabla hakujapambazuka, nikingoja mbonyezo wa pili wa pampu ya pumu kutoka chumbani kwa Odelia. Haukuja. Nilimfundisha mwenyewe: mara moja tu, mwanangu.

Daktari aliandika mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Lakini pampu ni dola mia tatu, na bima ya kiwandani kwetu hailipi senti mpaka kwanza nitoe dola elfu tano zangu kila mwaka. Mara moja moja, pampu ya mwezi inakwenda miezi miwili. Hesabu hiyo niliipiga nyuma ya daftari langu la masomo ya jioni, nikajiona mjanja.

Juzi Odelia alibanwa kifua uwanjani shuleni, midomo ikamgeuka rangi. Leo jirani yangu Renetta ametupeleka kliniki kwa gari lake.

"Ukiingia mle usikohoe, shoga," aliniambia mlangoni. "Watakutoza na kikohozi."

"Acha kunichekesha, wewe. Nina hofu."

"Hofu ndiyo bure. Ichukue."

Tulingoja saa nzima. Daktari akaingia, macho kwenye kompyuta.

"Mbili asubuhi, mbili jioni?"

"Ndiyo, daktari."

"Hakosi?"

"Hakosi."

Nilisema hivyo kwa sababu niliiona fomu tayari kichwani: mama anamnyima mtoto dawa. Niliwaona watu wa ustawi wa watoto wakibisha hodi.

Akashusha pumzi. "Basi dawa hii imeshindwa. Tutampa vidonge vikali zaidi. Vitamsumbua usingizi, na akivitumia muda mrefu huenda vikamdumaza. Sina njia nyingine."

Vidole vyake vikaanza kugonga kibodi. Dawa haikushindwa, nilijua. Neno moja tu lingetosha, lakini nilitazama viatu vyangu.

Odelia alikuwa juu ya kitanda cha kupimia, karatasi ikichakarika chini yake kila alipochezesha miguu. Ana miaka sita. Alikuwa akinitazama.

Daktari alikumbuka, nadhani, kwamba mgonjwa ni Odelia. Kwa mara ya kwanza akainua macho.

"Na wewe, mrembo, una la kuniambia?"

Odelia akaitoa pampu mfukoni, akamwonyesha.

"Mama hunipa mara moja, ili isiishe."