Ngoma ya Fundi wa Mashua

Ngoma ya kanisa ilipasuka Jumapili ya mvua, katikati ya maandamano, na Sheryl Ajwang akalia hadharani bila haya. Miaka sita alikuwa ameivaa begani ngoma ile ndogo, yenye nyaya chini ya tumbo zinazoifanya ilie kwa mkwaruzo, akiongoza miguu ya waumini wa Kisian kila waliposhuka ziwani kubatizana. Vyuma na ngozi vilikuwa vizima. Kilichokufa ni kiwiliwili cha plaiwudi: maji yaliingia, gundi ikasalimu amri, matabaka yakaachana kama chapati.

Mchungaji Wekesa, mtu mwema mwenye mapenzi ya kupita kiasi na vipaza sauti, aliona nafasi yake.

"Dada Sheryl, ubatizo ni wiki mbili zijazo. Kama hautapata ngoma ya kufika mpaka kwa Mama Maximilla, tunaweka spika kwa pikapu. Na hiyo maneno ya ngoma iishe kabisa."

Mama Maximilla, mwenye nyonga mbovu, ndiye aliyekuwa mkia wa maandamano siku zote. Mdundo ukimfikia, alitembea. Usipomfikia, aliketi kando ya barabara na kungoja wanaorudi.

Sheryl alienda mjini Kisumu, kwenye duka la vyombo vya muziki la Robinson, kijana mpole ajuaye kazi yake. Robinson alitoa ngoma tatu na kuzipiga moja moja. Dukani zote zilikuwa malaika. Lakini Sheryl hakuzaliwa jana.

"Bro, piga tena. Mimi naenda ng'ambo."

Akavuka barabara, akasimama kati ya tuktuk na muuza miwa, macho kayafumba. Ya kwanza, ya plaiwudi nyembamba, ilikuwa tamu karibu, lakini utamu wenyewe ulizama barabarani. Ya pili, ya plaiwudi nene, ilifika, ila kwa ubutu, kama mtu anayebisha mlango na hana haja ya kuingia. Ya tatu ilimpata kifuani. Kavu, kali, kila pigo limesimama peke yake. Muuza miwa mwenyewe aliacha kumenya.

"Hiyo ya mwisho!" alipaza sauti akirudi mbio.

"Pole, siz. Hiyo imeshachukuliwa na wasee wa Maseno, na iko moja tu."

Ng'ombe wa maskini hazai. Hata hivyo Sheryl aliomba aishike. Akachungulia ndani, na hapo akaanza kutabasamu. Hakukuwa na tabaka hata moja. Zilikuwa mbao kumi na mbili nene, zimesimamishwa wima kwa duara, kingo zimechongwa mshazari zikakumbatiana.

"Ubao mzima unasimama na nyuzi zake za mti, toka juu mpaka chini," Robinson alimweleza. "Haina gundi nyingi ya kumeza sauti. Ndio maana inaruka hivyo."

Kuunga mbao! Sheryl alikuwa na mjomba Asembo Bay ambaye hakufanya kingine maishani.

Opondo, fundi wa mashua, aliposikia shida yake alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua vyuma vya ngoma ya zamani, akapima, akachagua mvule uliokauka miaka mitatu. "Rudi Alhamisi, nyara, binti yangu," alisema. "Mimi nikiunga mbao, hata hewa inaomba ruhusa."

Alhamisi ngoma ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri kiasi cha kutia wivu. Sheryl akainua vijiti.

Pu. Pu. Pu.

Moyo ulimshuka mpaka kwenye ndala. Aligonga kiwiliwili kwa kifundo cha kidole, ubao baada ya ubao, na kila mmoja ulijibu kivyake, kama wenye usingizi. Akakaza macho kwenye maungio.

"Anko, hii nini hapa katikati?"

"Pamba," alijibu Opondo kwa fahari. "Na mafuta. Nimeziba yote mzuri."

"Pamba ya nini?"

"We! Maungio bila pamba? Hata mtoto ya Asembo anajua hiyo ni kuua watu. Itavuja!"

"Itavuja nini, Anko? Sauti? Hiyo ndio tunataka ivuje!"

Opondo akaitazama ngoma, akautazama ufuo wenye mashua zake arobaini zisizopitisha tone, halafu akapasuka kicheko hadi wachuuzi wa samaki wakageuka. Kila ubao alikuwa ameulaza kwenye godoro lake la pamba. Ijumaa nzima alifumua, akakwangua, akapiga randa mpaka mbao zikagusana uso kwa uso, akatia gundi kidogo na kuzikaza kwa kamba ya mashua.

Jumapili ya ubatizo Sheryl alitembea mbele bila kuthubutu kugeuka. Pikapu yenye spika ilinyemelea kando, Mchungaji ndani yake, kidole tayari kwenye swichi. Walifika majini. Sheryl akaendelea kupiga mpaka akasikia Mchungaji akicheka, akishuka na kufunga mlango wa pikapu, spika hazijawashwa.

Ndipo akageuka. Kule mwisho kabisa wa barabara, nyonga ikiyumba, Mama Maximilla alikuwa anakuja. Kila vijiti vilipopiga pigo la mguu wa kushoto, mguu wake wa kushoto ulikanyaga. Kando yake alitembea Opondo, ambaye hakuwa ameonekana kwenye mambo ya kanisa tangu harusi yake, amemshikia mkoba.

"Unasikia hiyo, Mama?" alikuwa akimwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Inavuja mzuri sana."