Maji ya Kunawa kwa Papa Jacques

Nimechoka na mikono ya wanaume. Nasema bila utani. Miaka sita nimeimwagia maji hapa Mpofi, kwenye depo ya maharage ya Papa Jacques, na naweza kukuambia nani analima, nani anaendesha pikipiki, na nani anadai ni karani wakati kalamu ameishika jana. Ila sikuajiriwa kusoma hayo. Kazi yangu ni kupika. Kazi yangu ya pili, isiyo na jina, ni kutazama vifundo vya mikono.

Papa Jacques ni mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu mpole. Ananunua maharage milimani, anayapakia, anayapeleka. Akitafuta mfanyakazi haanzi na maswali. "Tukule kwanza," anamwambia mwombaji, na mwombaji anafurahi, maana ametoka mbali na tumbo halina kitu. Mimi naja na jagi na beseni. Nani ananawa bila kukunja mikono ya shati? Hapo ndipo ninapoona. Nikikuta chanjo, siyo ya hospitali, bali zile alama za wembe walizochanjwa vijana wa porini, wale wenye bunduki, ili dawa iingie na risasi zishindwe, basi simpi mgeni kitambaa cha kujifutia. Namwacha akaushe mikono hewani. Papa Jacques ameshaelewa. Anakula naye vizuri kabisa, anamsindikiza mpaka barabarani, anamwambia atamwita. Hamwiti.

Usimhukumu haraka. Mdogo wake, Jean-Bosco, alikuwa dereva wa gari lake. Vijana wa porini walimsimamisha karibu na Kalembe, wakamshusha, na hakurudi. Msaidizi wake aliyepona alikumbuka kitu kimoja tu, kwamba mikono iliyomvuta Jean-Bosco ilikuwa na chanjo.

"Sina nguvu ya kuuliza kila muntu alifanyaka nini," Papa Jacques aliniambia siku aliyonipa ile kazi ya pili. "Wee angalia tu, Mama Trésor."

Nikaangalia. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa mjane mwenye mtoto wa kusomesha.

Mwezi uliopita alianza kutafuta mtu wa kutunza depo. Usiku na mchana nilimfikiria mdogo wangu Grégoire, kule Nyabiondo. Ana mke, Vestine, na watoto wanne, na mihogo yake imeozea ardhini mwaka wa pili sasa. Anajua kuandika, anajua maharage mazuri na mabovu kwa kuyaonja tu. Na ana chanjo tatu kila mkono.

Ningemwambia Papa Jacques ukweli? Mwenye ndugu aliyetoka porini angeachiwa jiko kweli? Niliogopa. Nikamtumia Grégoire neno kwa mtu wa pikipiki niliyemwamini: njoo, lakini vaa shati la mikono mirefu na usiikunje sana, maana Papa anaangalia chanjo. Mengine niliyapanga mwenyewe. Ningemmwagia maji, ningemkabidhi kitambaa mbele ya macho ya tajiri, na mambo yangeisha.

Alifika Jumanne, viatu mkononi, shati limepigwa pasi. Tulisalimiana kama watu wasiojuana. Papa Jacques aliipenda sauti yake, nilimwona. Wakaketi. Nikaleta maji.

Grégoire akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, bila wasiwasi wowote.

Chanjo hazikuwepo. Mahali pake, mkono wa kulia na wa kushoto, palikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtoto, chekundu, kingine bado kinatoa maji. Alikuwa amejimwagia asidi ya betri. Nilijua mara moja. Nilimimina nje ya beseni, maji yakamwagika mezani. Nikampa kitambaa, maana nilikuwa nimeamua kumpa. Akajifuta taratibu huku ameuma meno.

Papa Jacques aliinua macho kutoka kwenye sahani. Aliviangalia vidonda vile, kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu.

Walikula. Alimsindikiza. Nikasikia "nitakuita" ile ile, halafu hatua za Papa Jacques zikaja jikoni.

"Ule mwanaume iko nani yako?"

"Njo mudogo wangu," nikakiri.

Akavuta kigoda akakaa, mzee ghafla. "Muntu anajichoma fasi moja tu, mikono yote mbili. Nani alimwambia naangaliaka pale? Hii maneno tulikuwa tunaijua watu wawili."

"Miye njo nilimwambia, Papa."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Basi nikamweleza yote, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Kwamba vijana wa porini walipita Nyabiondo, nilipokuwa bado naishi kule, wakasema kila nyumba itoe kijana mmoja wa kukaa kwenye bariere, kizuizi chao cha barabarani. Kwamba nyumba yangu ilikuwa na Trésor peke yake, ana miaka kumi na tano. Kwamba Grégoire alisema huyu asome, miye nitaenda, akaenda akachanjwa na wengine, akakaa miezi mitatu kisha akatoroka. Trésor leo ni mwalimu. Anafundisha watoto wa watu kwa mikono isiyo na alama.

"Angenielezea," Papa Jacques alisema.

"Ungemuuliza?"

Akageukia mlango. Nje walikuwa wanapakua magunia.

"Na ile miezi tatu, alifanyaka nini?"

Hapo nami nikauangalia mwiko. Miaka kumi, na sikuwahi kumwuliza. Niliogopa jibu, na niliogopa zaidi kwamba jibu hilo lingekuwa langu mimi na mwanangu, maana alikwenda kwa ajili yetu.

"Njo unaona," akasema, bila ubaya. "Hata wee." Akainuka kwa kushika magoti. "Siwezi, Mama Trésor. Nikimupa funguo, kila asubui nitaangalia ile mikono. Unisamehe. Wee baki na kazi yako."

Nilimkimbilia Grégoire na aproni kiunoni. Hakuwa amefika mbali. Alikuwa ameketi kando ya njia akishusha mikono ya shati kidogo kidogo, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinanata kwenye vidonda.

"Amekataa?" akauliza.

"Amekataa. Ni miye nimekuharibia. Ningenyamaza tu, chanjo ningekufichia, nilishapanga kukufichia. Juu ya nini ulijichoma, Grégoire?"

"Wee ulisema anaangaliaka. Mutu hanawi na shati iko chini, dada." Akacheka kidogo, akaacha. Kisha akafikiri. "Na bale bengine? Bale ulibamwangia maji kabla yangu. Ulibaambiaka?"

Niliwaona wote kwa pamoja, wamesimama mikono mbele, maji yakiwachuruzika, wakinitazama wakidhani nimesahau kitambaa. Kuna mmoja aliyeniomba radhi kwa kukilowesha kiti. Wote hao walikuwa kaka wa mtu, na si ajabu kati yao alikuwepo aliyekwenda porini badala ya mtoto wa dada yake. Sikujua. Sikutaka kujua. Nilikuwa nabeba beseni narudi jikoni, nasonga ugali.

"Apana," nikamjibu. "Hata mumoja."

Grégoire akatikisa kichwa, akasimama, akavaa viatu vyake.

"Basi miye nilipata bahati," akasema. "Miye uliniambia."

Hakuwa ananikejeli. Alinishika bega, akanishukuru kweli kweli, akaishika njia ya Kalembe. Afadhali angenitukana.